John Allen: Fundi aliyemtumikisha dinosaria relini

Miongoni mwa wapenzi wa reli za mfano, jina la John Allen halijasahaulika ingawa mwenyewe alifariki dunia mwaka 1973. Mmarekani huyo hakujenga hata njia moja ya reli iliyobeba abiria au mzigo wa kweli. Reli yake yote ilikuwa katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Monterey, jimbo la California, na wakazi wa miji yake hawakufikia urefu wa kidole gumba. Hata hivyo, kazi yake ingali ikitajwa kila linapozuka swali ambalo limewagawa wajenzi wa reli hizo kwa miongo mingi: je, anayetengeneza mfano wa kitu anapaswa kukinakili kama kilivyo, au ana haki ya kukichanganya na ndoto na mzaha wake?

Swali hilo si dogo kwa wanaohusika. Upande mmoja wamo wajenzi wanaochagua stesheni fulani, ya mwaka fulani, kisha wakaitafuta katika picha, ramani na ratiba za zamani hadi wajue rangi ya milango yake. Kwao, reli ya mfano ni kumbukumbu ya mahali palipokuwapo na watu waliofanya kazi hapo, na kuongeza kisichokuwapo ni kuidanganya kumbukumbu hiyo. Wenzao huwatania kwa kuwaita wahesabu ribiti, kwa kuwa huweza kuhesabu ribiti za ubavuni mwa behewa wakaona moja imepungua. Upande wa pili wamo wanaosema kwamba mtu anayejenga ulimwengu mzima kwa mikono yake hana sababu ya kuomba ruhusa kwa historia.

Allen aliishi katikati ya pande hizo mbili. Kila upande ulimdai kuwa wake, na kila upande ulipata jambo la kumlaumu.

Mtoto mwenye moyo dhaifu

John Whitby Allen alizaliwa tarehe 2 Julai mwaka 1913 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Utoto wake haukuwa mwepesi. Alifiwa na wazazi wake akiwa bado mdogo, na aliugua homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo yakimpata mtoto huweza kumwachia kovu la kudumu kwenye moyo. Kwa Allen ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo aliishi akijua kwamba moyo wake si wa kutegemewa.

Akiwa kijana alihamia California, na huko alijifunza kazi ya upigaji picha na kuifanya kuwa riziki yake. Kazi hiyo ilimfundisha mambo ambayo baadaye yangeonekana katika kila kipande cha reli yake: jinsi mwanga unavyoangukia ukuta, jinsi kivuli kinavyokipa kitu uzito, na jinsi jicho la mtazamaji linavyoweza kuongozwa lione umbali mahali pasipo na umbali.

Urithi aliouachiwa na wazazi aliuwekeza pamoja na kaka yake, Andrew, na uwekezaji huo ulizaa vizuri. Alipokuwa na umri wa miaka 30 na ushei, Allen aliweza kuiacha biashara ya picha na kuishi kwa mapato hayo. Mwaka 1946 alihamia Monterey, mji wa pwani uliojulikana wakati huo kwa uvuvi na usindikaji wa samaki aina ya dagaa. Hakuoa. Muda wake na fedha zake, kwa sehemu kubwa, vilikwenda kwenye reli.

Alianza na mpangilio mdogo ambao ungeweza kuenea juu ya meza. Akaukuza, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapata nyumba yenye chumba kikubwa cha chini, na humo akaanza ujenzi mpya ambao angeuendeleza kwa takriban miaka 20. Mpangilio wake wa kwanza hakuutupa. Aliuingiza ndani ya ule mkubwa, ukawa kitongoji kimoja katika nchi pana zaidi.

Kutu na masizi

Ili kuelewa alichokifanya, ni vyema kukumbuka hali ya treni za mfano katika miaka ya 1940. Nyingi zilikuwa zinang'aa kama zilivyotoka kwenye sanduku. Vichwa vya treni vilikuwa vyeusi na safi, mabehewa yalikuwa na rangi kamili isiyo na mkwaruzo, na nyumba zilisimama wima kana kwamba hazijawahi kunyeshewa. Vilikuwa vitu vizuri, lakini jicho lilitambua mara moja kwamba ni vitu vya kuchezea.

Allen alivichafua. Alipaka mabehewa vumbi na kutu, akavipaka vichwa vya treni masizi mahali ambapo moshi hutua, akapinda mbao za paa, akafifisha maandishi ya matangazo kwenye kuta zilizokabili jua. Alionyesha kwamba kitu kidogo huaminika kinapokuwa na dalili za umri. Leo mbinu hiyo ni ya kawaida kiasi kwamba anayeanza hujifunza mapema, lakini Allen ni miongoni mwa walioianzisha na kuieneza kupitia makala na picha alizochapisha katika majarida ya Marekani, likiwemo jarida la Model Railroader.

Reli yake ilikuwa ya kipimo kiitwacho HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Katika kipimo hicho, mtu mwenye urefu wa sentimita 174 huwa na sentimita 2 tu. Ndani ya udogo huo Allen alitaka kuonyesha ukubwa wa milima ya magharibi mwa Marekani. Alijenga miamba ya plasta iliyoanzia sakafuni na kupanda hadi karibu na dari, hivi kwamba mgeni hakutazama reli kutoka juu kama mtu anayetazama meza, bali aliingia katikati ya mabonde yenyewe. Majengo ya nyuma aliyatengeneza kwa kipimo kidogo zaidi kuliko ya mbele, ili yaonekane yako mbali. Mahali pengine aliweka vioo, na barabara fupi ikaonekana kuendelea hadi upeo wa macho.

Kwa vile alikuwa mpiga picha, alijua pia namna ya kuipeleka nchi hiyo kwa watu ambao wasingefika Monterey. Picha zake zilitumika hata katika matangazo ya kampuni ya Varney, iliyokuwa ikitengeneza treni za mfano. Wasomaji wengi waliyafahamu madaraja na mabonde yake miaka mingi bila kuyaona kwa macho.

Jina lenye utani

Hadi hapo, Allen angeweza kuhesabiwa moja kwa moja katika kundi la waaminifu wa uhalisia. Lakini jina la reli yake lilitosha kumfanya mtu mkali akunje uso. Aliiita Gorre & Daphetid. Yakiandikwa, majina hayo mawili yanafanana na majina ya miji ya kweli, kama yale ambayo kampuni nyingi za reli za Marekani zilijiita kwa kuunganisha mwanzo na mwisho wa safari. Yakitamkwa kwa Kiingereza, hata hivyo, msikilizaji husikia maneno mawili mengine: moja la kutapakaa damu, na lingine la kushindwa vitani. Kampuni nzima ya reli, yenye makao makuu na mabehewa yaliyoandikwa jina lake kwa herufi za heshima, ilikuwa imebeba fumbo la kitoto.

Utani huo uliendelea njiani. Stesheni moja iliitwa Akinbak, jina ambalo likitamkwa humaanisha mgongo unaouma, maradhi ambayo kila anayejenga reli akiwa ameinama chini ya meza huyafahamu vizuri. Kituo kingine kilipewa jina la Andrews, kwa heshima ya kaka yake. Pembezoni mwa njia, mtazamaji makini aliona watu wadogo wakiwa katika visa vya kuchekesha ambavyo havikutangazwa popote. Aliyepita haraka hakuviona, lakini aliyetulia alicheka.

Emma, namba 13

Kisa kilichovuka mipaka yote kilikuwa Emma. Katika orodha ya vichwa vya treni vya Gorre & Daphetid, namba 13 haikuwa mashine ya mvuke wala ya dizeli. Alikuwa dinosaria wa aina ya Stegosaurus, yule mwenye vibamba vilivyosimama mgongoni, aliyefungwa kwa ajili ya kuvuta na kupanga mabehewa.

Wataalamu wa visukuku wanasema wanyama hao waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, zama ndefu kabla ya binadamu kuwapo duniani, sembuse chuma na reli. Walikuwa na urefu wa takriban mita 9, yaani sentimita 10 hivi katika kipimo cha HO, kiasi kisichopishana sana na kichwa cha treni kidogo. Allen hakumweka Emma kando kama pambo wala hakumtengenezea nchi yake ya hadithi. Alimpa namba na kazi, na akamweka kwenye reli ileile yenye kutu na masizi, mbele ya nyumba zilezile zilizopauka kwa jua.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mabishano ya pande mbili hulipita bila kuliona. Dinosaria katika reli ya kuchezea inayong'aa hamshangazi mtu. Huwa ni kichezeo kimoja kati ya vingine. Emma alichekesha kwa sababu kila kilichomzunguka kilikuwa cha kuaminika. Vumbi la kweli, mataruma yaliyochakaa na mzigo uliohitaji kufika kwa wakati ndivyo vilivyompa nguvu. Kama Allen asingekuwa mnyenyekevu mbele ya uhalisia kwa miaka mingi, mzaha wake ungebaki mzaha mtupu. Na bila mzaha huo, huenda milima yake ingekuwa kazi ya kustaajabisha ambayo mtazamaji huistahi kisha akaisahau.

Hoja za waliompinga nazo hazikuwa za kupuuzwa. Walisema hakuna wenye hisa ambao wangekubali kulipia madaraja mengi namna ile, wala mhandisi ambaye angepitisha njia kwenye magenge ambayo angeweza kuyazunguka. Reli ya kweli hukwepa mlima kwa kadiri inavyoweza, ilhali reli ya Allen iliutafuta. Emma, kwa maoni yao, alikuwa hatari zaidi, kwa kuwa watu wa nje walikwishaiona kazi hii kuwa mchezo wa watu wazima waliokataa kukua, na sasa bingwa wake alikuwa akiwapa ushahidi.

Saa iendayo mbio

Waliowahi kushiriki katika uendeshaji wa Gorre & Daphetid wangeweza kuwajibu wapinzani hao. Marafiki wa Allen walikusanyika nyumbani kwake mara kwa mara, si kutazama treni zikizunguka, bali kufanya kazi. Kila mmoja alipewa jukumu lake. Treni zilifuata ratiba, mabehewa yalikuwa na mahali pa kutoka na pa kufikia, na muda ulipimwa kwa saa maalumu iliyokwenda mbio kuliko saa ya kawaida, ili siku nzima ya reli iweze kuingia katika jioni moja. Aliyechelewa aliwachelewesha wengine wote. Katika jambo hilo, bwana wa utani hakuwa na utani.

Katika hili Allen hakuwa peke yake. Kabla yake, Frank Ellison wa New Orleans alikwishaandika kwamba reli ya mfano ifikiriwe kama jukwaa la maigizo, ambapo treni ndizo waigizaji na ratiba ndiyo mchezo wenyewe. Allen aliichukua hali hiyo ya kazi yenye mpangilio na kuiweka ndani ya mandhari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Mchango wake mmoja hauhitaji hata mlima. Ni fumbo la reli liitwalo Timesaver, lililochapishwa katika jarida la Model Railroader mnamo Novemba 1972. Lina kipande kifupi cha njia chenye swichi 5, ambapo mchezaji hutakiwa kuyapeleka mabehewa machache mahali pake kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kasi ya kichwa cha treni hupunguzwa makusudi, hivyo mwenye haraka hapati faida, na mshindi ni yule aliyefikiri kabla ya kusogea. Fumbo hilo lingali likichezwa katika nchi mbalimbali na watu ambao pengine hawajui aliyelibuni.

Wakati Allen akijenga, dunia ya reli iliyomtia hamasa ilikuwa inatoweka. Kufikia mwaka 1960, reli kubwa za Marekani zilikuwa zimekwisha kuachana na injini za mvuke katika huduma zao za kawaida. Monterey kwenyewe dagaa waliadimika baharini na viwanda vya samaki vikafungwa, na mwaka 1971 treni ya abiria iitwayo Del Monte, iliyouunganisha mji huo na San Francisco, ilifanya safari yake ya mwisho. Chini ya nyumba ya Allen, mvuke uliendelea kutawala. Mtu anaweza kuiita hiyo ndoto. Lakini pia ilikuwa aina ya uhifadhi, kwa kuwa desturi za kazi za reli ya zamani, za kupeana zamu, kungojana kwenye njia ya kupishana na kuheshimu ratiba, ziliendelea kufuatwa humo zilipokuwa zikisahauliwa nje.

Moto

Moyo uliomtia mashaka tangu utotoni ulisimama tarehe 6 Januari 1973. Allen alikuwa na umri wa miaka 59. Reli aliiacha akiwa bado anaiendeleza.

Marafiki zake walianza kutafakari namna ya kuinusuru. Kazi hiyo haikuwa rahisi, kwa kuwa milima iliyojengwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari haiwezi kubebwa na kupandishwa kwenye lori. Ilikuwa imeshikamana na nyumba kama mizizi na ardhi. Kabla hawajapata jibu, katika mwezi huohuo wa Januari, moto ulizuka ndani ya nyumba hiyo. Sehemu kubwa ya Gorre & Daphetid iliteketea. Vitu vichache viliokolewa, lakini nchi yenyewe, pamoja na mabonde na madaraja yake, haikuwapo tena. Ujenzi wa takriban miaka 20 uliishi muda usiofika hata mwezi mmoja baada ya mjenzi wake.

Kilichobaki ni picha na maandishi. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa Model Railroader kwa miaka mingi, alikusanya historia ya Allen na picha zake katika kitabu. Westcott naye alifariki mwaka 1980, na kitabu hicho kilitoka mwaka uliofuata. Kwa kizazi kizima cha wajenzi, hicho ndicho kilikuwa mlango pekee wa kuingilia Monterey.

Mvutano unaoendelea

Baada ya kifo cha Allen, upepo ulivuma upande wa uhalisia. Katika miaka ya 1970, wajenzi kama Allen McClelland wa jimbo la Ohio, mwenye reli ya Virginian & Ohio, walionyesha njia nyingine. Reli ya McClelland nayo ilikuwa ya kubuni, lakini aliibuni kana kwamba ni sehemu ya mtandao wa kweli wa taifa: ilikuwa na makaa ya mawe ya kusafirisha, majirani wa kubadilishana nao mabehewa, na sababu ya kiuchumi ya kuwapo. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakaacha kubuni kabisa na kunakili wilaya moja ya reli halisi katika mwaka mmoja mahsusi. Mbele ya kazi hizo, magenge ya Allen yalianza kuonekana ya kupita kiasi.

Wajenzi hao walileta nidhamu na elimu ambayo wapenzi wa reli wameinufaika nayo, na baadhi ya stesheni zilizobomolewa leo zinaweza kuonekana tu katika kazi za mikono yao. Hata hivyo, mbinu wanazotumia kuipa stesheni hiyo umri, kivuli na umbali, pamoja na saa iendayo mbio inayopima kazi zao, zimepitia katika mikono ya mtu aliyempa dinosaria namba ya reli.

Pengine ndiyo maana mabishano hayajaisha na hayana haja ya kuisha. Hata mnakili mwaminifu kuliko wote hulazimika kuufupisha mlima, kupinda njia ili ienee chumbani, na kuamua kwamba leo ni siku ya kiangazi ya mwaka fulani ambao umekwisha kupita. Hayo nayo ni maamuzi ya kubuni. Tofauti yake na Allen ni kwamba Allen hakuuficha ubunifu huo. Aliutengenezea mwili wenye vibamba mgongoni, akaupa jina la Emma, na akauweka kazini mahali ambapo kila mgeni angeuona.

Leo, zaidi ya miaka 50 tangu nyumba ile ya Monterey iungue, hakuna awezaye kwenda kuukagua ujenzi huo na kusema ribiti ipi ilikosekana. Wanaomkumbuka Allen hukumbuka mlima ulioanzia sakafuni, stesheni yenye jina la mgongo unaouma, na mnyama wa kale akivuta mabehewa yenye kutu kwa subira ya mfanyakazi aliyezoea zamu yake.